Maji ya Rukara

Alhamisi asubuhi, saa mbili kasoro, Erina aliufungua ukumbi wa Bwera kama kawaida yake, akaanza kufagia kutoka mlangoni. Alikuwa amefika katikati ya sakafu alipoinua macho. Jana yake ukutani kulikuwa na picha saba. Sasa zilikuwa sita. Kati ya picha ya simba mla watu na picha ya Kahima msaliti palibaki ukuta mtupu na misumari miwili mikubwa.

Ufagio ulimtoka mkononi. Aliyeibwa hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Rukara.

Habari ilipofika Kasese kwa simu ya polisi, Sajini Drani alikuwa akinywa chai kambini.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna mtu amekufa, afande," alijibu Konstebo Onen. "Wameiba picha."

"Picha ya nani?"

"Ya babu wa Mzee Karuhanga. Ile ya maji. Na Bwera watu wameanza kushika fimbo."

Drani aliimaliza chai yake bila haraka. Alikuwa Mlugbara wa Arua, mzito wa mwili na mpole wa sauti. Katika miaka aliyokaa Kasese alikuwa amegundua kwamba anaipenda kazi yake, jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, maana polisi anayefurahi hutiliwa shaka.

Ilikuwa Januari 1970, na mvua ilikuwa imeisahau nchi ile. Milima ya Rwenzori ilikuwa imejifunika mawingu yake kama tajiri anayekula amejifungia ndani, na huku chini nyasi zilikuwa njano mpaka macho yalipokoma. Land Rover ilipita Kikorongo, ambako madereva wa malori walikuwa wakila mahindi ya kuchoma, ikakata kuelekea mpakani huku ikifukuzwa na vumbi lake lenyewe. Njiani Onen alimweleza mkubwa wake yote aliyoyajua.

Wananchi wa Bwera walikuwa wamechanga wakajenga ukumbi. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Karuhanga, mnunuzi wa pamba, alimwagiza mchoraji mmoja wa hapo hapo, Tefiro, achore historia ya nchi kavu: wachimba chumvi wa Katwe wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni, misafara ya wapagazi, njaa, simba. Picha ya tano, iliyopendwa kuliko zote, ilimwonyesha Rukara, babu yake Karuhanga, akipiga mwamba kwa mkuki wakati wa kiangazi kikuu, maji yakaruka na watu wakapona. Ya sita ilimwonyesha Kahima, aliyewaonyesha maadui kisima hicho. Wageni kutoka Kampala walikuwa waje Jumamosi kuufungua ukumbi na kuzitazama picha.

"Na huyo Kahima ana ukoo?" Drani aliuliza.

"Anao, afande. Musinguzi, mfanyabiashara wa chumvi wa Kabatoro. Jumatatu alikuja ukumbini akapiga kelele mbele ya watu. Alisema babu yake hatatukanwa ukutani, na picha itaondoka, wapende wasipende."

"Basi kesi imekwisha," alisema Drani.

"Kweli, afande?"

"Hapana. Endesha."

Ukumbini, Drani aliwatoa watu wote nje isipokuwa Erina. Mlango wa mbele haukuguswa. Mlango wa nyuma ulikuwa bado haujawekewa kitasa, ulifungwa kwa waya tu, na waya ulikuwa umefunguliwa na kuachwa ukining'inia. Kwenye mwimo wa mlango huo, usawa wa bega lake, palikuwa na doa la kahawia, refu kama kidole. Alidhani ni udongo. Alilinusa, likanuka mafuta. Basi, alijiambia, ukumbi wa mchoraji haukosi rangi.

"Mama, picha ilikuwa kubwa namna gani?"

"Kama mlango huu, afande. Kitambaa cha marekani kimewambwa kwenye fremu ya mbao. Siku ya kuitundika waliibeba wanaume wawili, wakahema."

"Fremu iko wapi?"

Erina alitazama huku na huku. "Imekwenda pamoja na picha."

"Uliiona mara ya mwisho lini?"

"Jana mchana. Mtoto alikuwa na homa, nikaenda naye kwa daktari. Nilimwacha Tefiro humu, na ufunguo nikamwachia. Jioni akauleta kwangu. Leo alfajiri amepanda basi kwenda Nyakalengija, alisema anakwenda kumleta bibi mmoja wa kuona picha."

"Niambie ndani ya picha kulikuwa na nini. Mimi sikuiona."

"Rukara amesimama, mkuki mkononi. Mwamba. Maji yanaruka hivi."

"Na watu wengine?"

"Hapana. Yeye peke yake. Alikuwa amejaa picha nzima."

Nje palisikika mlio wa gari. Mzee Karuhanga alishuka kutoka kwenye pikapu yake, amevaa kanzu na koti jeusi, akapita katikati ya watu waliomfungulia njia. Alikuwa amekonda usoni kama mtu aliyekosa usingizi. Alimpa Drani mkono, akautazama ukuta mtupu, akatikisa kichwa.

"Mzee, pole sana," alisema Drani.

"Nitapoaje, mwanangu? Nilikuwa Kasese tangu Jumanne kwa mambo ya pamba. Leo nafika, naambiwa babu yangu ameibwa kama kuku!"

"Ulikuwa huko siku zote mbili?"

"Tangu Jumanne, nakwambia. Na kazi yenyewe ilikuwa nzuri! Yule Tefiro ana mkono. Jiwe ukilitazama ni jiwe, maji ni maji, mpaka matope ya kwenye viwiko vya yule mtoto yalionekana mabichi. Sasa wageni tutawaonyesha nini? Misumari?" Alimshika Drani mkono. "Mwanangu, usitafute mbali. Mtu alisema mbele ya wote kwamba picha itaondoka. Imeondoka. Unataka nini zaidi?"

Watu mlangoni walinguruma kukubali.

Musinguzi hakuwa mbali. Vijana walikuwa wamemkamata sokoni na kumleta kituoni, shati limechanika na chumvi bado imemganda mikononi. Drani alimkalisha kwenye kiti, akampa maji, akafunga mlango.

"Ulisema picha itaondoka?"

"Nilisema, afande. Na nasema tena. Lakini picha gani? Mimi nilisema picha ya Kahima! Ile inamwonyesha babu yangu amepewa mbuzi na maadui, anacheka. Watoto wangu wakija Bwera wanaitwa watoto wa msaliti. Ningekuwa mwizi, ningemwacha babu yangu pale na kumchukua babu ya mtu mwingine?"

Drani alifikiri. "Labda ulikosea. Gizani."

"Afande, Kahima iko na shati nyekundu. Hata kipofu ataona." Musinguzi alipangusa midomo. "Kuna jambo jingine. Jamaa zangu Kabatoro wakisikia nimefungwa, chumvi haitakuja Bwera tena. Nao wa hapa wataenda na fimbo zao. Mimi sitaki hiyo. Nina wateja hapa wa miaka mingi."

"Utalala hapa. Sijakukamata, ila huko nje wamechemka. Onen atakuletea chakula."

Saa kumi jioni polisi wa mpakani Mpondwe walimleta mtu mwingine, Asuman, ambaye alinunua vinyago, ngoma na mikeka upande huu na kuwauzia Wazungu upande wa Kongo. Kwenye baiskeli yake walikuta kitambaa kilichochorwa, kimeviringishwa na kufungwa kamba ya katani. Wiki iliyopita watu walikuwa wamemsikia akitaka kuinunua picha ya Rukara.

"Mimi niko mutu ya biashara, Chef!" alilia Asuman. "Bya kuiba hapana! Fungua, utazame!"

Drani alifungua. Ilikuwa picha ya tembo watatu na jua linazama.

"Tefiro aliniuzia yeye mwenyewe. Ile ya Rukara nilitaka, ndiyo, akasema iko ya bote, haina bei. Basi nikaacha. Na ile kitu, Chef, ni kubwa kama mulango! Nitaitia wapi? Kwa baiskeli?"

Onen alicheka, akanyamaza haraka. Drani naye alikuwa ametabasamu, lakini lile neno lilimkaa kichwani mpaka usiku. Kubwa kama mlango. Mwizi yeyote wa picha angekuja na wembe. Angekata kitambaa pembeni, akakiviringisha, akakitia kwapani na kwenda zake. Huyu alibeba mbao na yote, mzigo wa wanaume wawili, akahangaika nao kwenye mlango mwembamba wa nyuma. Kwa nini?

Asubuhi ya Ijumaa alimwachilia Asuman na tembo wake. Simu ikapigwa kutoka Kasese: mkubwa wake alitaka mtu ashtakiwe kabla wageni hawajafika, na kwa kuwa Musinguzi yumo ndani tayari, shida iko wapi? Drani alijibu "Ndiyo, afande" mara tatu, akaweka simu, akaenda kukaa ukumbini mbele ya ukuta mtupu.

Alikuwa bado hapo mchana Tefiro alipoingia. Mchoraji alikuwa kijana mrefu mwenye rangi kwenye kucha. Nyuma yake alikuja bibi mdogo wa mwili, miguu peku, kiko mdomoni, amechoshwa na basi na hakulificha jambo hilo. Onen alikuwa amekwisha kuwaambia habari mlangoni.

"Imeibwa?" Tefiro aliusogelea ukuta, akaugusa. "Lakini wameibebaje? Ilikuwa mbichi!"

Drani aligeuka polepole. "Sema tena."

"Mbichi, afande. Niliichora upya Jumatano, saa nane mpaka jua kuzama. Rangi ya mafuta haikauki siku moja. Ukiiviringisha inakwisha, inakuwa uji."

"Ulichora upya nini?"

Tefiro alimtazama bibi, kana kwamba anaomba ruhusa. "Huyu ni bibi Ketura wa Nyakalengija. Wiki iliyopita nilipanda huko kuwachora wapagazi wa mlimani. Nikamweleza habari ya Rukara. Akanicheka mpaka kiko kikaanguka."

"Nilicheka," alisema Ketura, akaketi kwenye benchi bila kuambiwa. "Mwamba! Nani ametoa maji kwa mwamba? Maji yalitoka mchangani, kwenye mto mkavu. Biira ndiye aliyeyatoa. Alikuwa msichana, aliletwa na wafanyabiashara, akabadilishwa kwa mizigo miwili ya chumvi. Aliona nguruwe pori wanachimba, na yeye akachimba pale pale, kwa mikono, mpaka kucha zikatoka. Rukara alikuja nyuma. Akachomeka mkuki pembeni, akasema kisima ni chake."

"Wewe unajuaje, bibi?"

"Biira alimzaa mama yangu. Alikuwa na vidole vibaya mpaka kufa kwake. Vidole hivyo ndivyo vilivyonilisha."

"Na Kahima?"

"Mtoto wa kwanza wa Biira. Watu wa mbali walikuja na kiu, watoto wao wanakufa njiani. Rukara alikataza. Kahima akawaonyesha maji usiku. Basi wakamwita msaliti."

Tefiro alisema kwa sauti ndogo, "Sikumtoa Rukara, afande. Nilimwacha na mkuki wake. Ila mwamba niliufanya mchanga, na mbele yake nikamchora msichana amepiga magoti, matope mpaka kwenye viwiko. Nilitaka kumwonyesha bibi kwanza, kisha nimwambie Mzee Karuhanga Ijumaa kabla ya wageni. Sikumwonyesha mtu yeyote mwingine."

Drani alisimama. Doa la mlangoni lilikuwa udongo kweli, lakini udongo wa picha. Na alikuwa amesikia habari za matope yale, hapa hapa, jana asubuhi, kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa Kasese tangu Jumanne.

"Onen," alisema, "mwite Mzee Karuhanga. Mwambie taratibu. Na Musinguzi mlete pia."

Walikusanyika mchana ule ule. Karuhanga aliketi mbele, mikono juu ya fimbo yake. Alimwona Ketura, asimtambue. Musinguzi alisimama karibu na mlango na shati lake lililochanika.

"Vizuri," alisema Karuhanga. "Mwizi amekubali?"

"Bado, mzee. Nisaidie jambo dogo. Jana uliniambia matope ya kwenye viwiko vya mtoto yalionekana mabichi. Mtoto gani?"

"Yule... wa kwenye picha."

"Mama Erina, kwenye picha ya Rukara kulikuwa na mtoto?"

"Hapana, afande," alijibu Erina. "Mimi naipangusa vumbi kila siku. Rukara peke yake."

"Tefiro?"

"Yupo. Nilimchora Jumatano mchana. Mama Erina alikuwa kwa daktari."

Drani alivuta kiti akaketi uso kwa uso na mzee. Hakupandisha sauti. "Mtu aliyemwona mtoto huyo ni lazima aliingia humu kati ya jua la Jumatano kuzama na asubuhi ya Alhamisi. Aliigusa picha, akaona ni mbichi, ndiyo sababu hakuikata. Aliibeba kama ilivyo, mbao na yote, na ikagusa mlango pale. Kitu kikubwa kama hicho hakiendi kwa baiskeli, wala sokoni kwa miguu bila kuonekana. Kinataka gari. Mzee, ulirudi Bwera Jumatano jioni?"

"Nilikuwa Kasese."

"Wenye pamba wa Kasese nitawauliza. Nitauliza pia pale Kikorongo, pikapu yako wanaijua. Lakini heri wewe uniambie."

Kwa muda ilionekana kama Karuhanga atasimama na kuwafokea wote, jinsi alivyozoea kufanya kwenye mikutano. Kisha mabega yake yalishuka.

"Nilirudi," alisema. "Pamba ilikwisha mapema. Nilipita kumwona babu, kila nikipita huingia kumwona. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, Tefiro ameondoka, nikapitia mlango wa nyuma. Nikamkuta na yule msichana."

"Uliijua habari yake?"

"Baba aliniambia siku alizokuwa anakufa. Alisema, 'Maji hayakuwa yetu, lakini jina limekwisha kuwa letu. Litunze.' Nimelitunza miaka thelathini. Nimekaa kwenye baraza kwa jina la Rukara, nimeamua mashamba ya watu kwa jina la Rukara. Na Jumamosi wageni waje wamwone amesimama nyuma ya mtumwa!"

"Ungemwambia Tefiro aifute."

"Angeniuliza kwa nini. Kila mtu angeniuliza."

"Ukaona afadhali nife mimi," alisema Musinguzi kutoka mlangoni. Hakupiga kelele. "Jana vijana walinivuta sokoni kama mbuzi, mzee. Wewe ulikuwa unatazama."

Karuhanga hakuweza kumtazama. "Sikupanga hivyo. Ila ilipotokea, niliiacha iende."

"Picha iko wapi?" Drani aliuliza.

"Ghalani kwangu, nyuma ya marobota ya pamba. Niliiburuta peke yangu mpaka kwenye pikapu. Nilichukua kibiriti. Nilikiwasha mara mbili." Alifuta macho kwa kiganja. "Ni babu yangu. Na yule mtoto ananitazama. Sikuweza."

Walikwenda ghalani wote, na nusu ya Bwera nyuma yao. Onen na Tefiro waliitoa picha juani. Pamba iliyokuwa ikielea hewani mle ghalani ilikuwa imenasa kwenye rangi mbichi, zaidi pale kwenye maji, hata kisima kikaonekana kinatoka povu jeupe. Watu walisubiri mchoraji alie. Tefiro aliinama, akatazama kwa karibu, akarudi nyuma hatua chache.

"Iacheni," alisema, na uso wake ukafunguka. "Nilihangaika mchana mzima na hayo maji. Sasa yanakwenda."

Musinguzi alisogea, akamtazama yule msichana kwa muda mrefu. Ketura alikuja akasimama kando yake.

"Huyo ni bibi yangu," alisema. "Na Kahima mwanawe ndiye aliyemzaa baba yako. Kwa hiyo mimi ni nani kwako?"

"Shangazi," alisema Musinguzi, akapiga goti vumbini akamwamkia.

Drani hakuwa mtu wa kusamehe kesi isiyokuwa yake. Aliyaandika maelezo yote ya Karuhanga, akamwambia atafika mbele ya hakimu Kasese mwezi ujao kujibu habari ya wizi, na alifika kweli, akatozwa faini na kukaripiwa. Kuhusu Musinguzi, alisema, hakimu hana faini inayotosha.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza Karuhanga.

"Mimi? Mimi ni polisi, mzee. Muulize yeye."

Musinguzi alifikiri. "Nilikokotwa mbele ya watu," alisema. "Basi iwe mbele ya watu."

Jumamosi, wageni walikwisha kuketi, ngoma zimenyamaza, na watu wamejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa kamati alisimama. Hakuwa na karatasi. Aliwaeleza jinsi alivyoiba picha ya ukumbi wake mwenyewe, na kwa nini. Alipofika kwenye jina la Biira alilirudia mpaka likasikika nyuma. Kisha alimwita Musinguzi mbele, akavua koti lake jeusi, akamvalisha badala ya shati lililochanika sokoni. Lilimpwaya. Watu hawakujua kama wapige makofi, mpaka mwanamke mmoja wa Kabatoro alipopiga kigelegele, na hapo ukumbi mzima ukaitikia.

Drani alikuwa amesimama nyuma na Onen, kofia kwapani. "Afande," alinong'ona Onen, "njia ya mwongo ni fupi."

"Si fupi sana. Huyu ametembea miaka thelathini," alisema Drani, na hapo alihisi furaha kiasi kwamba ilimbidi akunje uso.

Karuhanga alikuwa amemsogelea Ketura, aliyeketi chini ya picha na kiko chake. Aliinama, akaongea kwa sauti ya chini, lakini waliokuwa karibu walisikia.

"Mama, Kahima watamchora upya, Tefiro amekubali. Lakini huyu wa mkuki tumfanyeje? Ukisema afutwe, nitashika brashi mimi mwenyewe."

Ketura aliinua kichwa, akamtazama Rukara mkubwa, mkuki wake, na macho yake yaliyoelekea majini.

"Mwache hapo," alisema. "Na yeye alikuwa na kiu."

Kisha akauliza chakula kiko wapi.